Muhula Mmoja Tu, Walisema

Ukurasa huu wa kwanza nilikuwa nimeuacha wazi. Ninaujaza leo Jumapili, 4 Agosti 1996.

Nilimpoteza binti yangu Nthoki, wa miaka kumi na miwili na miezi minne, Jumamosi tarehe 6 Aprili, saa mbili na dakika kumi usiku, kwenye mlango wa wasafiri wa uwanja wa ndege. Wakati ule sikujua kuwa nimempoteza. Nilidhani nimemwazima mdogo wangu. Yanayofuata niliyaandika siku yalipotokea, na sijafuta neno, hata yale yanayonitia aibu.

Mbinya, Mowlem


Jumamosi, 6 Aprili

Wameondoka. Mdogo wangu Kavinya, mumewe Nzivo, kijana wao Nyamai wa miaka minne, na Nthoki wangu. Masanduku saba, matano ya vinyago na mawili ya nguo. Nthoki alikumbatia atlasi na kitabu cha hesabu cha darasa la saba. Mwalimu mkuu amekubali akose muhula wa pili mradi asome huko. Atarudi tarehe 31 Agosti afungue muhula wa tatu na wenzake. Siku 147.

Hawa watu hawana anwani, na huu ni mwaka wa tatu. Majira ya joto Nzivo huuza vinyago kwenye masoko ya Ulaya, wanalala ndani ya gari lenye kitanda, jiko na sinki. Baridi ikija wanatafuta nyumba ya mtu aliyesafiri. Mwaka huu wamebadilishana na familia ya Kiholanzi, nyumba kwa nyumba, hakuna anayemlipa mwenzake. Wao wachukue ile ya Uholanzi, iwe kituo chao kati ya masoko, Waholanzi waje kwenye nyumba ya Kavinya hapa mtaani Mowlem.

Nilimuuliza Kavinya, "Mtu usiyemjua atalala kitandani mwako?"

"Na mimi nitalala chake, Dada. Hapo tumelingana."

Huyo ndiye mtoto niliyembeba mgongoni hadi akanichakaza bega. Hata kuaga alikuwa anacheka.


Jumanne, 9 Aprili

Waholanzi wamefika. Mama, baba, na mtoto mmoja wa kiume wa miaka tisa anayeitwa Teun. Kufikia saa kumi jioni mtaa mzima ulishamwita Tuni, na mama yake, Hanneke, akawa Mama Tuni. Nimewakabidhi funguo nne. Nyumba ya Kavinya inatazamana na yangu, mlango kwa mlango, hatua kumi na tisa. Karatasi zake ziko kwa jina langu, kwa maana iliponunuliwa wao walikuwa barabarani huko na mimi ndiye niliyekuwa hapa wa kuweka sahihi. Kavinya husema tutazibadilisha "akitulia". Mtu anayelala kwenye magurudumu atatulia lini?


Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Magunia matatu mlangoni na bado maji yameingia.


Jumapili, 21 Aprili

Mama Tuni anaongea Kiswahili kuliko sisi. Aliwahi kufundisha Morogoro. Asubuhi amenisalimu, "Hodi hodi, dada Mbinya, umeamkaje?" Vijana wa pale kona wakaanguka kwa kicheko. "Huyu ni taarifa ya habari," mmoja akasema. Lakini nilisimama kidogo. Tangu Nthoki azaliwe hakuna mtu wa mtaa huu aliyeniita Mbinya. Mimi ni Mama Nthoki kanisani, kwa mwenye duka, na pale Kariobangi ninakoshona sare za shule kwa cherehani nne nilizonunua moja moja.

Mumewe huenda kwenye jalala la Dandora kila siku na mizani ya kuning'inia, anapima taka. Truphena, jirani yangu, mama yake Wasike, alimtazama akipita.

"Mama Nthoki, fikiria. Mdogo wako amekwenda kwao kuuza twiga, na huyu amekuja kwetu kupima takataka. Nani amepunjwa?"

"Mimi," nikamwambia. Alidhani ni mzaha.


Alhamisi, 2 Mei

Bado kadi aliyoahidi Nthoki haijaja. Siku ya 26. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi Nzivo hupiga simu ya nyumba ya Kavinya kutoka kwenye kibanda cha barabarani, sarafu zikianguka kama mvua ya mawe, na Mama Tuni huvuka kuniita. Jumapili iliyopita nilipata dakika nne, tatu za Kavinya na moja ya Nthoki. "Niko poa, Mama." Dakika yake iliyobaki ilikuwa kelele za upepo.


Jumatatu, 6 Mei

Shule zimefunguliwa. Nimeona sare 61 nilizozishona mimi zikipita mbele ya mlango kabla ya saa moja. Nikazihesabu hadi mwisho ndipo nikaingia ndani.


Jumamosi, 18 Mei

Kadi ya kwanza. Upande wa picha, ziwa na milima yenye theluji. Upande wa pili:

"Mama, tumelala kando ya ziwa hili. Usiku meza inageuka kitanda changu. Mama mdogo amenifundisha kuendesha baiskeli. Nimeanguka mara tatu tu."

Nimeazima atlasi ya Wasike na kupima kwa tepu yangu ya ushonaji kutoka mji wa Waholanzi hadi ziwa lile. Sentimita saba na nusu, kwa ramani ile ni kama kilomita 750. Halafu nikapiga yangu. Kutoka hapa hadi Kariobangi na kurudi ni kilomita sita. Siku mia tatu kwa mwaka, miaka kumi na moja: kilomita 19,800. Nimezunguka nusu ya dunia bila kutoka mitaa ya Eastlands, na sikuona ziwa hata moja.

Huu ni wivu. Nauandika kwa jina lake kwa sababu nikiuita uchovu nitajidanganya.


Jumanne, 21 Mei

Mvua. Sare 22.


Jumamosi, 1 Juni

Sikukuu, sikufungua kibanda changu cha ushonaji. Mama Tuni ameniita chai. Nimekaa kwenye kochi la Kavinya, lakini kochi limegeuzwa limeelekea dirishani na mapazia yameondolewa. Nyumba ile ile, ikawa na mwanga. Miaka miwili Kavinya hakufikiria kugeuza kochi, na mimi pia sikufikiria. Nilikasirika njia nzima ya hatua kumi na tisa.

Nyumbani nikageuza langu. Linaziba mlango wa chumba cha kulala. Nimelirudisha.


Jumapili, 9 Juni

Kadi ya pili. Inasema: "Mama Kavinya anakusalimia." Sijui kwa nini neno hilo limenikwama. Kwetu dada ya mama ni mama mdogo. Kavinya mwenyewe ndiye aliyesisitiza, alikataa kuitwa anti, maana hapa mtaani anti ni msichana wa kazi. Sasa "mdogo" limekwenda wapi? Labda kadi ilikuwa ndogo.

Nimepima nafasi iliyobaki chini ya sahihi. Sentimita nne.


Alhamisi, 27 Juni

Baridi imeingia. Moshi wa jalala la Dandora unalala chini, kila nguo niliyoanika inanuka. Vifungo vimerundikana. Nthoki alikuwa akishona vifungo arobaini kila alfajiri, kutoka saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili, kabla ya kwenda shule. Sasa navishona mimi, na jicho langu la kushoto linatoa machozi.


Jumamosi, 13 Julai

Kadi ya tatu. Nainakili yote.

"Mama, jana mimi na mama tuliuza twiga kumi na moja kwa siku moja. Mama anasema nina jicho la wateja. Tulikula samaki na viazi ndani ya gari mvua ikinyesha juu ya paa. Nyamai ananiita dada. Nthoki."

Mama mara tatu. Ya kwanza ni mimi. Nyingine mbili si mimi.

Nimemsomea Truphena. Aliomba nimsomee tena, kisha akasema, "Mtoto anaandika haraka tu, Mama Nthoki. Wasike wangu huandika jina lake bila herufi ya mwisho."

"Jina lake ni lake. Hili ni langu."


Jumatano, 24 Julai

Nimetoka nyumba ya Mama Tuni sasa hivi, nitaandika polepole.

Alivuka kuniita saa kumi na moja, bahasha mkononi. Jirani yake wa Uholanzi humtumia barua zinazofika nyumbani kwake. Hii ilitoka shule ya mji wao. Tulipofika kwake akaniketisha kwanza, na hapo nikajua.

"Dada Mbinya, naomba nikuulize jambo. Nthoki ni mtoto wa Kavinya, sivyo?"

"Nthoki ni wangu."

"Wako. Ndiyo." Alitazama karatasi, akanitazama. "Lakini shule imeandika hivi: msichana Nthoki, binti wa Kavinya, amekubaliwa. Ataanza Jumatatu tarehe 19 Agosti. Mwaka mzima."

Nilimwomba anisomee tena, neno kwa neno, aguse kila neno kwa kidole. Alifanya hivyo.

Kuna jingine. Kazi ya mumewe pale Dandora imeongezwa mwaka. Kavinya amewaandikia kwamba wao pia wanapenda kubaki mwaka mmoja zaidi, kwa hiyo ubadilishanaji uendelee, nyumba kwa nyumba kama ulivyo. "Alisema wewe umekubali," Mama Tuni akasema. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi shingoni. "Nilidhani umekubali yote."

"Yote yapi?"

"Nyumba. Na mtoto kusoma."

Nilimwuliza swali la kijinga, kama chumba cha watoto katika nyumba yake kina dirisha. Akasema kina madirisha mawili, na moja linatazama mti wa tufaha. Nikasema asante, nikatoka.

Sasa yale yanayonitia aibu. Kavinya aliwezaje kusema yeye ni mama na karatasi zikamkubali? Mimi ndiye niliyemtengenezea.

Mwezi wa Februari tulikwenda mjini, sisi wawili na Nthoki, kwa wakili wa viapo, ghorofa ya pili, ili Nthoki aingizwe kwenye pasipoti ya Kavinya kama Nyamai. Pasipoti yake mwenyewe ingechukua miezi, na safari ilikuwa karibu. Mpiga chapa, mzee mmoja mwenye sweta la kijani, aliuliza, "Huyu mama ni nani kwa mtoto?"

Kavinya akasema, "Mama mdogo."

Mzee akainua vidole kutoka kwenye mashine. "Kiapo hakina nafasi ya mdogo. Ni mama ama si mama?"

Kavinya alinitazama mimi. Hilo nalikumbuka vizuri, alinitazama na kungoja. Na mimi nilikuwa na sketi 110 za kupeleka shuleni kabla ya saa nane, na saa ya ukutani ilikuwa imefika sita na nusu. Nikasema, "Andika mama. Kwetu ni kitu kimoja."

Nikasoma, nikatia sahihi. Sketi zilifika kwa wakati.


Alhamisi, 25 Julai

Sikufungua kibanda. Mara ya kwanza siku ya kazi tangu mazishi ya baba.


Ijumaa, 26 Julai

Baridi.


Jumamosi, 27 Julai

Nimetoa karatasi za nyumba chini ya godoro na kuzisoma. Jina langu liko mara tano. La Kavinya halipo hata mara moja.


Jumapili, 28 Julai

Nilikuwa nimekaa kando ya simu tangu saa tatu asubuhi. Mama Tuni alimchukua mumewe na mtoto wakaenda matembezi, wakaniachia nyumba na chupa ya chai. Iliita saa saba kasoro dakika tano.

"Dada, mambo? Sikukutarajia wewe kushika."

"Kavinya, shule ya tarehe kumi na tisa ni ya nani?"

Sarafu moja ilianguka. Nyingine.

"Nilitaka kukuandikia."

"Ulitaka. Muhula mmoja tu, ulisema."

"Ni mwaka tu, Dada. Huyu mtoto ana akili. Miezi mitatu na anaongea Kiholanzi na wateja kuliko Nzivo. Unataka arudi kukariri kwenye darasa la watoto sabini?"

"Sabini na nne. Na ndiyo, nataka. Nani alikupa ruhusa?"

"Aliomba mwenyewe."

"Hakuomba."

"Aliomba. Tulikuwa tunaosha vyombo, akaniuliza kama anaweza kubaki." Alivuta pumzi. "Dada, usinikatize. Wiki ya kwanza alikuwa anaamka saa kumi na moja, anakaa gizani kwenye kiti cha mbele cha gari. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema anangoja vifungo."

Nikasema lililo baya. "Nyumba hii iko kwa jina langu. Nikitaka, kesho nachukua funguo. Wageni wako watoke, na wewe urudishe nyumba yao, ulale barabarani na mtoto wako. Wako ni mmoja, Nyamai."

"Unanibadilishia mtoto na nyumba?"

"Wewe ndiye uliyeanza."

Sarafu mbili zikaanguka. Kisha akasema, kwa sauti ile ya utotoni ya kabla ya kulia, "Ulisema ni kitu kimoja. Kwa yule mzee. Mimi nilingoja ukatae."

"Nipe Nthoki."

Nilisikia akimwita. Nilisikia mlango wa gari, Nyamai akicheka, kisha Kavinya akirudi. "Anasema atakuandikia."

"Mwambie mama yake yuko kwenye simu."

Sarafu zikaisha.


Jumatatu, 29 Julai

Sare 18. Vifungo sijagusa.


Alhamisi, 1 Agosti

Mama Tuni amekuja na karatasi ya kuongeza mwaka. Inahitaji sahihi ya mwenye nyumba. Aliiweka mezani akasema, "Sikulazimishi. Kama ni kuondoka, tutaondoka. Nitalia, kwa sababu Tuni amepata marafiki, lakini tutaondoka."

Nilimtazama huyu mwanamke anayesema atalia kama mtu anayesema atakwenda sokoni. Miezi minne nimemwonea wivu kochi, mwanga, hata Kiswahili. Nikamwuliza, "Wewe ungefanyaje?"

"Ningemwita mtoto wangu arudi," akasema mara moja. Halafu, "Halafu ningekuwa naye, na amenuna."


Jumamosi, 3 Agosti

Truphena amenikuta nikigombana na pasi. Nilimweleza yote, hata sweta la kijani. Alikaa kwenye gunia la vitambaa akasikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si desturi yake.

"Umemtishia Kavinya," akasema.

"Ndiyo."

"Umemuuliza Mama Tuni."

"Ndiyo."

"Na mimi unaniuliza sasa. Mtoto mwenyewe umemuuliza?"

"Mtoto wa miaka kumi na miwili haulizwi, Mama Wasike. Anaambiwa."

"Basi usishangae akijijibu mwenyewe." Aliinuka akajipangusa nyuzi. "Na ulipoulizwa na yule mpiga chapa, ulijibu kwa dakika ngapi?"

Nilipiga hesabu baada ya yeye kuondoka. Chini ya nusu dakika.


Jumapili, 4 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimeandika barua tatu kwa Kavinya na zote tatu nimezichana. Ya kwanza ilikuwa na nyumba. Ya pili ilikuwa na kiapo na mahakama. Ya tatu ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyokuwa ya uongo zaidi.

Kisha nikaandika hii. Nainakili hapa kabla ya kuifunga. Kesho asubuhi Baba Tuni ataipeleka posta kuu, siku tisa itafika. Wao watakuwa wamerudi kwenye nyumba ya Waholanzi tarehe 10.


"Nthoki,

Barua hii ni yako. Mama mdogo asiifungue, na akiifungua, asome na hapa: Kavinya, rudisha kwenye bahasha.

Nimesikia kuhusu kiti cha mbele cha gari. Kuanzia wiki ijayo Wakiuru, yule msichana wa kibanda cha jirani, atakuja kushona vifungo mchana. Nimeshaongea naye. Hutashona kifungo tena alfajiri, ukiwa hapa au usipokuwa hapa. Nilipaswa kuona kuwa ulikuwa na usingizi. Nilikuwa nahesabu vifungo.

Nimekuonea wivu, wewe na mama mdogo, ziwa na baiskeli na samaki ndani ya mvua. Nilidhani namwonea yeye peke yake. Mzazi hapaswi kumwonea mtoto wake wivu, lakini ndivyo ilivyokuwa, na afadhali ulisikie kwangu.

Kuna karatasi ya nyumba hapa mezani inayongoja sahihi yangu. Nitaisaini au sitaisaini, hilo ni kati yangu na Kavinya. Mtu akikuambia kwamba nyumba inategemea jibu lako, amekudanganya, hata kama aliyelianza neno hilo ni mimi.

Ukitaka kurudi, kiti chako cha ndege ni cha tarehe 31 Agosti kama tulivyopanga, na nitakuwa pale mlangoni. Ukitaka kubaki, nitakwenda kwa yule wakili kula kiapo kingine chenye maneno yote, na shule ya huko itaandika jina langu mahali pa mama. Hilo la kiapo sikuombi ruhusa. Nitalifanya.

Sitakuficha kuwa nataka urudi. Nalitaka kila saa. Lakini hadi leo hakuna aliyekuuliza, si mimi, si yule mzee wa mashine, na mama mdogo alisikia tu ulipokuwa unaosha vyombo. Mimi nakuuliza.

Jumamosi tarehe 17 Agosti, saa kumi jioni kwa saa za huku, saa tisa kwa huko, nitakuwa nimekaa kando ya simu ya nyumba hii ya mbele. Piga wewe, kwa mkono wako. Asipige Nzivo, asipige Kavinya. Usinieleze hali ya hewa, usiniambie utaandika, usiseme uko poa. Nitangoja hadi saa kumi na robo, na nataka neno moja tu: unarudi, au hurudi?"